Shajara ya mradi: kupunguza mbu mu parseli yetu hapa Goma bila kugusa nyuki, paka na mbwa

Mwezi wa nane, mvua bado

Naanza hii shajara sasa hivi juu mvua ya mwezi wa tisa iko karibu, na hapa kwetu ikishaanza kunyesha vizuri haipiti muda na jioni huwezi tena kukaa nje, watoto wanajipiga miguu, wageni wanaomba tuingie ndani. Parseli iko Kyeshero, si kubwa: nyumba, jiko ya nje, dushe na choo ya nyuma, siterni ya plastiki ya lita 1000, mapipa ya kuchotea, na bidoni za njano kama kwa kila mtu. Kuna mbwa, kuna paka na watoto wake, kuna kuku. Ku ukuta wa mawe upande wenye jua, marakuja imepanda mpaka juu, chini yake maboga, nyuma ya jiko amateke na migomba. Mzinga hatuna, lakini nyuki wanakuja kila asubuhi, wale wadogo wa asali na wale wakubwa weusi wenye sauti nzito, na hao weusi njo wanaleta matunda ya marakuja.

Lengo ni moja: mbu wapungue mpaka watu wakae nje jioni, na dawa ya kunyunyiza isiguse ua hata moja.

Malaria hapa si habari ya kuchezea. Ripoti za OMS, shirika la afya la dunia, zinaweka Kongo yetu ya pili duniani nyuma ya Nigeria, karibu asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria wa dunia nzima. Kwa hiyo sisemi tuvumilie mbu juu ya kupenda nyuki. Nasema mbu anazaliwa mu maji na nyuki hazaliwi mu maji, basi kazi yote tuipeleke mu maji.

Kwa nini nimekataa pompe

Kuna kijana mwenye anapita mu avenyu na pompe ya mgongoni, ananyunyizia watu parseli yote, majani, ukuta, maua, mpaka pale mbwa analala. Bei yake si mbaya na siku za kwanza mbu wanapotea kweli, siwezi kusema uongo. Nilimuomba anionyeshe chupa, tukasoma etiketi pamoja, ni sipermetrini. Ile familia yote ya piretroide, permetrini, deltametrini, sipermetrini, inaua mdudu yeyote mwenye anakanyaga pale ilikaukia, na fikiria sasa: mchana mbu wengi wanalala mu kivuli chini ya majani na mu pembe za giza, mwenye anazunguka mu maua tangu asubuhi ni nyuki. Ukinyunyiza maua unampata nyuki mbele ya mbu.

Paka naye yuko na shida yake. Ini ya paka haiwezi kuvunja permetrini vile ya mbwa inavunja, ndiyo maana ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye iko na permetrini ukimpaka paka anaanza kutetemeka, anatoka mate, anaweza kufa. Na paka hata usipompaka, analala mu majani yenye yalinyunyiziwa, kisha anajilamba manyoya. Samaki njo kabisa, hiyo dawa kidogo tu ikishuka mu maji yao inawamaliza, na sisi maji yetu ya mvua mwisho wake ni ziwa.

Na kitu kingine chenye watu hawaangalii: ukinyunyiza majani, viluwiluwi, watoto wa mbu vyenye viko mu maji ya pipa, havikusikia kitu. Vinaendelea kukua pole pole, vinatoka na mabawa, na wewe unamuita tena yule kijana, unalipa tena. Mbu wenyewe pia wamezoea hizo dawa, Kongo kama mu nchi nyingi za Afrika Anopheles, mbu wa malaria, wengi sasa wanastahimili piretroide, kwa hiyo kila kunyunyiza bila mpango kunazidi kuharibu nguvu ya dawa yenye tunaihitaji mu vyandarua. Hilo linaniuma sana juu chandarua njo kinga ya mtoto usiku.

Mwisho wa mwezi wa nane: kutafuta maji

Mtu wa Bukavu akisoma hapa atasema toa madimbwi kwanza, na ana haki, kule udongo mwekundu unashika maji. Sisi Goma tuko juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ya 2002 na ya zamani kushinda, na yale mawe yanakunywa. Mvua inapiga saa nzima, inakatika, parseli inakauka. Basi mbu wote hao wanatoka wapi? Wanatoka mu maji yenye tunaweka sisi wenyewe. Robine haitoi, ziwa ni mbali na bidoni ni nzito, na tangu volkano ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 yenye iliharibu mabomba na kuacha makatye mengi bila maji, nani hapa haweki akiba? Kila nyumba iko na pipa, beseni, siterni, bidoni yenye ilikatwa juu. Hatuwezi kuambiana tumwage maji. Ushauri wa "mwaga maji yote" uliandikwa na watu wenye robine. Huku kwetu neno ni kufunika, na kusugua.

Nimezunguka parseli na toshi na luchi ya supu ya zamani, kila mahali penye maji nachota, naangalia, naandika. Mapipa, nilitegemea. Visahani chini ya vyungu vya maua, nilitegemea pia. Lakini kuna pengine penye huwezi kufikiri: mikunjo ya shitingi yenye inafunika makala, tairi ya pikipiki yenye watoto wanachezea, mashimo ya bloku yenye ilibaki juu ya mawe, bakuli ya kuku, ile sehemu ya chini ya friji yenye inakusanya maji umeme ukikatika. Na juu ya ukuta, kwetu kama kwa wengi tuliweka vipande vya chupa mu simenti kuzuia wezi, basi matako ya chupa yenye yalisimama yanashika maji, ni kijiko moja tu lakini Aedes, mbu wa kuuma mchana, haitaki kushinda hapo. Nilipanda ngazi nikakuta viluwiluwi ndani ya chupa ya kijani, vinaonekana wazi kabisa jua likipita.

Ku pipa ya nyuma nilikaa muda. Ukimulika toshi, kwanza huoni kitu, ni maji na vumbi ya makala inaelea. Kisha kivuli cha mkono kinapita na vumbi yenyewe inaanza kushuka: viluwiluwi vyote vinazama kwa pamoja vinajikunjakunja mpaka chini, unangoja bila kusogea, vinaanza kupanda kimoja kimoja, kichwa chini mkia juu, kila kimoja kinagusisha kamrija kake ku uso wa maji kinapumua. Vyenye vinaning'inia hivi kichwa chini ni Culex, mbu wa kelele ya usiku, ao Aedes. Chenye kinalala sawasawa na uso wa maji, hakina mrija, kimejinyoosha kama kijiti, njo Anopheles, huyo wa malaria. Katikati yao kuna vingine vya kichwa kikubwa vyenye vimejipinda, havikuli tena, hao wako karibu kutoka na mabawa. Ukiona hao wengi ujue umechelewa, pipa hiyo ni ya kushughulikia leo leo.

Mu mapipa yetu karibu yote ni vya kuning'inia. Vya kulala niliviona nje ya parseli, ku shimo la shantie ya jirani, pale wanajenga, maji safi, jua linapiga. Nitarudi kwa hiyo.

Mwezi wa tisa: Jumamosi ya kusugua

Tumeweka kusugua ku siku ya salongo, kazi ya pamoja, Jumamosi asubuhi, juu watu wote wako nyumbani na hakuna mwenye atasahau. Toka yai mpaka mbu mwenye mabawa, mu joto ni siku 7 mpaka 10, hapa kwetu juu, karibu mita 1500, baridi inachelewesha kidogo, kwa hiyo ukifanya kila wiki bila kukosa hakuna kizazi chenye kinamaliza.

Kusugua, si kumwaga tu, na hapa naomba mtu asome polepole. Culex anataga mayai mengi pamoja juu ya maji, yanaelea, ukimwaga yanaenda. Aedes anabandika yake ku ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, meusi, madogo sana, na yale mayai yanaweza kukaa makavu miezi na miezi. Unamwaga pipa, unaiacha ikauke mu jua wiki nzima, unafurahi, siku unajaza tena maji inayafikia na yanaanguliwa. Kwa hiyo ni brashi ngumu, mchanga wa volkano kidogo na sabuni, unasugua ule mstari wenye maji inaacha, kisha unasuuza na kumwaga mahali pakavu, si mu mfereji.

Maji yenyewe hatuitupi, nani atatupa maji Goma. Tunaichuja na kitambaa kizito tukiwa tunahamisha pipa moja kwenda lingine, viluwiluwi vinabaki mu kitambaa, kuku wanafurahi navyo sana. Maji iliyochujwa ni ya kufua na kumwagilia, ya kunywa tunachemsha kama zamani. Bakuli za mbwa, paka na kuku zinasuguliwa kila asubuhi, hiyo ni kazi ya watoto.

Jirani mmoja aliniuliza juu ya mafuta ya taa. Kweli mafuta juu ya maji yanaziba ule mrija, kiluwiluwi kinakosa hewa kinakufa. Lakini maji inaharibika, ndege akinywa, mbwa akinywa, ni sumu, na kereng'ende mwenye mtoto wake anaishi mu maji na kula viluwiluwi anakufa pamoja nao. Akishakufa huyo, mbu anarudi mbele, mlinzi bado hajarudi. Kwa maji machafu yenye haitatumika hata kidogo, mfano beseni yenye unangoja kumwaga kesho, matone ya sabuni ya kuoshea sahani yanatosha, uso wa maji unalegea na viluwiluwi vinashindwa kujishikisha.

Siterni na mapipa: grilaje

Hii njo kazi kubwa ya mradi na njo yenye imelipa kushinda. Siterni ya plastiki inaonekana imefungwa lakini ukiangalia vizuri iko na milango mitatu: pale gutiera inaingiza maji, kifuniko cha juu chenye hakishikani, na tiyo ya kutolea maji ikijaa. Mbu jike anahitaji upenyo kidogo sana.

Grilaje, ule wavu wa kuzuia mbu, nilinunua hapa mjini, Birere, kwa mita, ya plastiki ya madirisha. Angalieni matundu, yasizidi milimita 1.5, kuna nyingine wanauza ya kuzuia majani tu, mbu anapita. Ya chuma ya kawaida inaoza na mvua yetu, hasa siku volkano inatoa moshi mwingi na maji ya mvua inakuwa na asidi, basi chukua ya plastiki ao aluminiamu. Ku tiyo ya juu tumefunga kipande na mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ulikatwa kama mkanda mwembamba ukavutwa mara nyingi kuzunguka, inashika kuliko waya na haikati grilaje. Ku mdomo wa gutiera tumeweka tabaka mbili, ya juu ya majani yenye tunatoa na kupiga, ya chini ya mbu yenye haitoki. Kifuniko kimezungushiwa kitambaa cha zamani chini yake mpaka nafasi ikajaa.

Mapipa: fremu ya mbao ya mviringo hatukuweza, tulikata grilaje kubwa kushinda mdomo, tukaishonea mpira pembeni kama ile kofia ya kuoga, unavuta unachota unarudisha. Wale wenye wanachota mara nyingi, ndio watoto, walikuwa wanaacha wazi, mpaka tukaweka bomba ndogo chini ya pipa. Sasa hakuna mwenye anafungua. Kama unaweza kulipa kitu kimoja tu mu hii kazi yote, lipa hiyo bomba.

Gutiera zenyewe tumezipandisha upande mmoja juu zilikuwa zimelala, majani na mchanga vilikuwa vinafanya bwawa ndani yake mu urefu wote wa nyumba na hakuna mtu anaangalia juu.

Fosi na choo

Mbu mwenye anapiga kelele ku sikio usiku, Culex, anapenda maji chafu kushinda yote. Fosi ya choo na ile ya dushe ni nyumba yake. Tulipiga simenti ku nyufa za kifuniko, na tiyo ya hewa yenye inapanda juu tumeifunga na grilaje hiyo hiyo, nzi naye anabaki ndani. Ku dushe maji ilikuwa inasimama ku mlango wa mfereji, tumechimba tukajaza mawe madogo ya volkano, inashuka yote. Hapa mawe yetu yanatusaidia, mahali pengine wangehitaji mtaro mrefu.

Amateke na migomba

Hapa nilisita sana. Pale jani la amateke linaungana na shina, na vivyo hivyo ku mgomba, kuna kikombe chenye kinashika maji ya mvua, na kuna Aedes wa huku Afrika wenye wanapenda hapo hapo. Nilichota na sindano ya duka la dawa bila ncha, nikatia mu glasi, kweli viko. Kukata amateke siwezi, ni chakula. Kwa hiyo tumeacha yale ya mbali na tumehamisha yale yenye yalikuwa karibu na mlango, na ku migomba tunatoa majani ya chini yenye yamezeeka. Haitamaliza, inapunguza.

Majani marefu ku pembe za nyumba tumekata, juu mbu mchana analala hapo. Lakini kile kipande cha maua ya porini ku ukuta tumekiacha, na gogo kavu la mti chini ya marakuja pia haliguswi. Wale nyuki weusi wakubwa wanatoboa mu mbao kavu kuweka watoto wao. Watu wanaona tundu wanafikiri gogo imeoza wanalichoma, kisha mwaka unaofuata wanalalamika marakuja inatoa maua mengi na matunda kidogo. Ule unga wa ua la marakuja ni mzito, upepo hauubebi, unahitaji mdudu mwenye mgongo mpana.

Maboga asubuhi

Naandika hii kwa wenye wananyunyiza asubuhi. Boga liko na maua ya dume na maua ya jike, mbalimbali, ya jike iko na kaboga kadogo chini yake. Yanafunguka alfajiri na kufika saa sita mengi yamejifunga, ni mara moja tu, kesho halifunguki tena. Mu hizo saa chache nyuki lazima atoke ku dume aende ku jike. Akikosa, kale kaboga kanageuka njano kanaanguka. Mimi nakaa hapo na chai naangalia, nyuki anaingia mu ua la dume anatoka amejaa unga wa njano mpaka macho, anapita moja kwa moja ku lingine. Mwaka huu hakuna mtu amenyunyiza upande wetu na maboga yameshika vizuri sana, majani yanapanda mpaka ku ukuta wa jirani.

Kama siku moja mtu hana njia, mfano kuna ugonjwa mu katye na wakubwa wa afya wanapita kunyunyiza, basi tuombe iwe jioni jua limezama, nyuki wamerudi, na maua yaachwe. Na mtu awafungie paka na mbwa ndani, afunike bakuli zao, mpaka ikauke kabisa.

Dawa ya maji yenye ningeitumia

Kuna kitu kinaitwa Bti, ni bakteria, iligunduliwa 1976 mu jangwa la Negev, Israeli. Unaiweka mu maji, kiluwiluwi kinaila, sumu yake inafunguka mu tumbo lake na kutoboa utumbo. Nyuki, paka, mbwa, samaki, kuku, haiwafanyi kitu, juu tumbo lao si la namna ile. Wale wa kichwa kikubwa wenye hawakuli tena haiwaui, kwa hiyo lazima urudie. Jirani zetu Rwanda waliijaribu mu mashamba ya mchele pale Ruhuha, Bugesera, wakulima wenyewe wakinyunyiza. Niliuliza Birere ku maduka ya dawa za shamba, hakuna mwenye anayo. Nikiipata nitaitumia kwa ile siterni ya simenti yenye nitasema chini.

Samaki mu pipa: watu wengi wanauliza. Mu bwawa la bustani tilapia wadogo wa huku wanakula viluwiluwi vizuri. Mu maji ya kunywa hapana. Na msilete samaki wa nje kutoka nchi nyingine, ziwa Kivu liko chini yetu pale.

Mwezi wa kumi: ndani ya nyumba

Nitapita haraka. Vyandarua vya kampeni viko ku vitanda vyote, tumeshona matundu. Kama unatia dawa chandarua upya, ile maji ya kuoshea usimwage ku ziwa wala karibu na kuku, chimba shimo mbali. Spirali ya kuchoma tumeacha, moshi wake mu chumba kilichofungwa si mzuri kwa kifua cha mtoto na paka analala chini pale moshi unatulia. Feni jioni ku baraza umeme ukiwepo, inasaidia kweli, mbu ni dhaifu mu upepo. Sitroneli yenye imesimama mu bustani haifukuzi mbu, ukiponda majani ukajipaka inasaidia dakika kidogo tu, lakini nyuki wanapenda kila kitu chenye kinatoa ua basi mipakani tumeweka basiliki. Programu za simu zenye zinapiga sauti ya kufukuza mbu, msipoteze megabaiti. Dawa ya kujipaka ya watu, yenye iko na DEET, ni nzuri kwa mtu mkubwa, lakini usimpake mbwa wala paka.

Mbwa naye faida yake iko hapa, mbu njo anabeba minyoo ya moyo ya mbwa.

Mwezi wa kumi na moja: siterni ya papa jirani

Mapipa yetu yamekuwa safi, luchi inatoka bila kitu, lakini jioni bado kulikuwa na mbu wa kuuma mchana, upande wa kusini tu. Aedes haendi mbali, mara nyingi mita 100 ao 200, kwa hiyo nilijua ni karibu. Nyuma ya ukuta kuna mzee mwenye nyumba ya zamani na siterni kubwa ya simenti, wazi, na alikuwa anamwagia mafuta ya injini ya kutoka ku garaji.

Nikaenda na luchi na kipande cha grilaje.

"Papa, jambo. Samahani kukusumbua."

"Jambo sana mama. Karibu, ingia, mbwa amefungwa."

Tukachota pamoja. Upande wenye mafuta yanafika, hakuna kitu. Ku pembe ya jani la mgomba lenye lilianguka, mafuta hayakufika, vilijaa.

"Unaona mama, mafuta yanaua."

"Yanaua papa, sikatai. Lakini hii maji ingetoshea nguo za nyumba yote mpaka mwezi wa kwanza, na leo huwezi hata kuosha nayo sahani. Tuvute hii maji, tusugue, tuweke grilaje, mvua ya wiki hii itajaza safi."

Alinyamaza kidogo akaangalia ile maji. Kisha akauliza grilaje inauzwa ngapi kwa mita. Vijana wake walivuta maji na mapompa ya mkono Jumamosi ya salongo, ile yenye mafuta ilienda mu mapipa ya garaji si mu mfereji, tukasugua mpaka chini. Fremu alitengeneza yeye mwenyewe, alikuwa seremala, na ni nzuri kushinda yangu, iko na mlango mdogo wa kuchotea wenye unajifunga peke yake. Nimemuomba atutengenezee sisi pia.

Mwezi wa kumi na mbili

Mbu wa mchana upande wa kusini wamepungua sana, watoto wanafanya devwari nje mpaka giza. Wa usiku wako, kidogo, nafikiri wanatoka ku fosi za avenyu. Nyuki wako. Paka alizaa tena mu kikapu cha makala.

Kinachobaki ni lile shimo la shantie lenye viluwiluwi vya kulala, vya Anopheles. Mwenye shantie hayuko Goma, lakini msimamizi wa mafundi ni mtu wa kuelewa, nilimpeleka na toshi akaona mwenyewe. Wanahitaji maji ya kuchanganya simenti kwa hiyo hawawezi kufukia. Tumekubaliana wachote kila siku mpaka chini kabla ya kujaza tena, na mwisho wa wiki wakifunga kazi wajaze mawe mpaka maji isionekane, maji itabaki katikati ya mawe na wataichota Jumatatu na tiyo. Shefu wa avenyu ameahidi kuipitisha hii namna ku shantie nyingine mbili za chini. Mimi Jumapili nitapita na luchi kuangalia.